Kilo za Mama Sindano

Mama Sindano alikuwa na kawaida ya kusema kwamba mtaa mzima hauna mwanamke anayelijua gari kama yeye. Akishasema hivyo huwatazama waliomsikiliza, kisha huongeza mwenyewe: "Ila msinipe usukani. Mara ya mwisho kuushika nilikuwa natafuta pa kujizuia nisianguke."

Jina la Sindano alipewa kwa sababu mbili. Ya kwanza ilionekana kwa macho: alikuwa mwembamba kiasi kwamba akikaa pembeni ya kitanda, godoro halikupata habari. Ya pili waliijua waliowahi kubishana naye.

Ujuzi wake wote wa magari aliuokota mezani. Mkwe wake, mume wa bintiye wa pekee, alikuwa na pikapu kubwa ya milango minne, ile aina ya kubebea mizigo ya maana, yenye matairi mapana na springi nene kama mikono ya muuza nyama. Watu wengine wakishiba huongea mpira, wengine siasa. Huyu akishiba aliongea upepo wa tairi. Mtaani walimwita Paundi, na jina lilimkaa vizuri hata mkewe alikuwa akijisahau akamwita hivyo mbele ya wageni.

"Mama," husema, akipokea sahani kwa mikono miwili kama mkwe mwenye adabu zake, "watu wanadhani tairi ndilo linalobeba gari. Si tairi. Ni upepo. Tairi ni mfuko tu."

"Kumbe," hujibu Mama Sindano. "Na mimi miaka yote naupigia makofi mfuko."

Hapo mkwe huendelea, hata kama mchuzi unapoa. Mzigo mkubwa na upepo mdogo, tairi linajikunja ubavuni, linachemka, na likichemka sana linapasuka. Mzigo mdogo na upepo mwingi, tairi linakuwa gumu, gari linarukaruka, na chochote kilichomo ndani kinatikiswa kama kibuyu. Kwa hiyo swali si tairi linaweza kubeba upepo kiasi gani. Swali ni leo umebeba nini. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kulikuwa na kibandiko chenye namba za kiwandani: gari likiwa tupu, nyuma paundi hamsini, gari likijaa pomoni, nyuma paundi themanini. Katikati ya hamsini na themanini ndipo mkwe wake alipokuwa akiishi.

Mama Sindano alikuwa akimcheka, lakini yote yalimwingia. Ndiyo maana asubuhi ya siku ile alikuwa na jambo la kumtia jasho: alijua kabisa alichokuwa amekifanya.

Ilikuwa hivi. Kulikuwa na Fundi Vioo, mzee mrefu asiyecheka, mwenye karakana kubwa ya kukata vioo vya madirisha. Alikuwa akitafuta mtu wa kumbebea vioo kila wiki kwenda kwenye majengo mapya nje ya mji. Kabla ya Paundi aliwajaribu wabebaji wawili, na wote wawili walimletea vipande vipande. Alikubali kumjaribu Paundi kwa safari moja, vioo vya zahanati mpya, na maneno yake yalikuwa mafupi.

"Kioo kimoja kikipasuka, tusijuane. Na ndani ya gari sitaki kingine. Vioo, dereva, na mtu mmoja wa kukaa kiti cha nyuma aviangalie kupitia dirishani. Sitaki hata gunia la mkaa. Mwenzako wa juzi alibeba vyangu pamoja na mbuzi."

Paundi aliahidi. Na Paundi akiahidi, imekwisha. Kazi ile aliihitaji kuliko alivyoonyesha. Pikapu ilikuwa imeshinda uani wiki nzima ikifutwa vumbi, na bintiye Mama Sindano alikuwa ameanza kuiangalia kwa jicho la kuiuza.

Sasa, utingo wa Paundi aliamka na tumbo la kuendesha, na Mama Sindano akajitolea kuwa macho ya nyuma. Wote walimshukuru. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mwanamke ambaye akipanda gari husinzia kabla ya kona ya kwanza ametamani ghafla kuangalia vioo.

Sababu ilikuwa mdogo wake. Mdogo wake alikuwa anakaa mbele kidogo ya hiyo zahanati, katika nyumba ambayo sakafu yake ya jikoni ilikuwa haijawahi kukauka. Mama Sindano alikuwa amemnunulia marumaru, maboksi tisa, akamwambia kwa simu, "Kesho zimefika, andaa fundi," kabla hajajua zitafikaje. Mwenye duka la marumaru alimpa makuli wawili. Paundi alipokuwa kwa kinyozi akitengenezwa apendeze machoni pa Fundi Vioo, makuli waliyaingiza maboksi nyuma ya viti vya mbele, mengine chini ya kiti cha nyuma, mengine pale miguu inapokaa. Kuli mmoja alishika kiuno akasema, "Mama, hizi ni marumaru au risasi?" Mama Sindano akatandika blanketi juu yake, akalipapasa, akaona limekaa kama blanketi la mtu mwenye baridi.

Angeweza kumwambia mkwe wake, bila shaka. Lakini Paundi hajui kudanganya. Akijaribu, masikio yanamshika moto. Angeyashusha palepale, na mdogo mtu angebaki na fundi wake mlangoni. Mama Sindano aliamua kuwa jambo dogo kama lile halina haja ya kumsumbua kijana wa watu. Alikuwa na uhakika nalo. Alikuwa na uhakika na mambo mengi.

Asubuhi Paundi alilizunguka gari na geji yake, akipima matairi yangali baridi, kabla hayajagusa barabara, maana tairi likishakimbia upepo wake hupanda na geji husema uongo. Nyuma hamsini. Akaridhika. Mama Sindano akapanda kiti cha nyuma, akaweka miguu juu ya blanketi, magoti yakamfika karibu na masikio.

"Mama, umekaa vizuri kweli?"

"Ndivyo ninavyopenda. Kama niko jikoni kwenye kigoda."

Kwenye karakana ya Fundi Vioo walipakia kwa utaratibu wa msiba. Fremu ya mbao ilisimamishwa katikati ya bodi, magodoro chini, vioo vikaegeshwa wima pande mbili, kipande cha gazeti kati ya kila kimoja na mwenzake, kisha mikanda. Fundi Vioo mwenyewe aligonga kila kioo kwa ukucha akisikiliza mlio, kama daktari kifuani kwa mgonjwa. Halafu akaja dirishani kwa nyuma.

"Kuna kitu kingine humu?"

"Hakuna, mzee," alisema Paundi kutoka mbele, na masikio yake yalikuwa na rangi yake ya kila siku. "Ni mama tu."

Fundi Vioo alimtazama Mama Sindano, akayatazama magoti. "Shikamoo, mama. Miguu inauma?"

"Marahaba, baba. Ikiinuka ndiyo nafuu."

"Pole sana." Akaenda zake kuwasha gari lake dogo, maana alitaka kutangulia akawasubiri huko.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na fundi pancha, mwanamume mfupi mwenye kompresa iliyounguruma kuliko alivyoongea. Paundi aliegesha pale kuongeza upepo wa safari. Fundi pancha alikwisha kuvuta mpira wake, akainama, akasoma maandishi ubavuni mwa tairi.

"Themanini," akasema. "Imeandikwa hapa."

"Hiyo ni mwisho wa tairi, ndugu yangu. Kwenye sufuria wakiandika lita ishirini, wewe hupiki lita ishirini za chai kwa watu wawili."

"Mimi wote nawajaza iliyoandikwa. Hajarudi mtu kulalamika."

"Na wewe hujajiuliza kwa nini hawarudi?" alisema Mama Sindano kutoka dirishani.

Fundi pancha alicheka bila sauti. Paundi alikuwa tayari amechuchumaa, anahesabu kwa vidole, midomo inacheza. Vioo kilo kadhaa, fremu, mikanda, yeye mwenyewe. "Nyuma sitini," akasema. "Tulikuwa hamsini baridi. Usipime upya, tairi limeshapata joto. Niongezee kumi tu juu ya zilizomo. Sitini itabeba, na itakuwa laini, vioo vitalala usingizi."

Mama Sindano aliisikia ile sitini vizuri. Sitini ilikuwa hesabu nzuri, ya mtu mkweli, kwa mzigo wa mtu mkweli. Chini ya miguu yake kulikuwa na maboksi tisa, na kila boksi limeandikwa ubavuni kilo ishirini na tano. Barabara yenyewe ndefu, jua linapanda. Alijua kitakachotokea kwenye sitini: tairi lingejikunja, lingechemka, na mahali fulani pasipo na mtu lingesema yote. Hapo kazi ya mkwe wake ingekwenda, na gari pengine, na bintiye akiwa nyumbani anafuta meza.

Kusema kweli ilikuwa dawa nyepesi. Lakini Fundi Vioo alikuwa bado ng'ambo, kioo cha gari lake kimeshushwa, anawatazama.

"Mkwe wangu," akaita kwa upole. "Ongeza kidogo hapo nyuma."

"Kwa nini, mama? Ikizidi itakuwa ngumu. Vioo vitatikisika."

"Hukunihesabu mimi."

"Nimekuhesabu, mama."

"Umenihesabu ngapi?"

Paundi alitazama ardhi. Kuna maswali ambayo mkwe hawezi kumjibu mama mkwe hata akipewa shamba, na hili lilikuwa la kwanza kwenye safu. "Nimekuhesabu kwa heshima," akasema.

"Heshima ina kilo ngapi?"

"Hamsini, mama."

Siku nyingine yoyote angemwombea dua kwa hiyo hamsini. "Umenipunja," akasema. "Mimi mzito."

Fundi pancha aliuachia mpira. Kompresa ikanyamaza yenyewe, kana kwamba nayo inataka kusikia. Mwanamke aliyekuwa dirishani alikuwa na shingo nyembamba kama ya kuku wa kuatamia, na mkono aliouegemeza mlangoni ungepita kwenye bangili ya mtoto.

"Mzito, mama?" alisema Paundi.

"Mifupa. Mifupa yangu imejaa. Kuna watu mifupa yao ina uwazi katikati, kama mabomba, yangu ilimiminwa."

"Niweke sabini?"

"Panda."

"Tisini?"

"Mwanangu, tukienda kwa mwendo huo vioo vitafika vimekuwa mchanga tena. Niweke mia mbili na sabini na tano."

Fundi pancha, ambaye kwa kawaida hakuwa mwingi wa maneno, alishindwa. "Na tano?"

"Na tano. Sipendi kudanganya."

Kwa Mama Sindano, hapo ndipo palipokuwa utamu wa jambo lenyewe. Uongo wa kawaida unaweza kuukata unavyotaka, mrefu, mfupi, nani atapima. Huu ulitakiwa uwe sawasawa. Ukipungua, tairi linachemka. Ukizidi, vioo vinapasuka. Alizidisha tisa mara ishirini na tano kichwani, mara mbili, kama alivyofundishwa darasa la nne kwa fimbo, akajumlisha hamsini zake, na ikatoka hiyohiyo. Hajawahi kudanganya kwa uangalifu kiasi kile.

Paundi alisimama akishika geji kwa mikono miwili, kama anayesubiri kusomewa hukumu. Alikuwa kati ya mambo mawili. Macho yake yalimwambia moja na mama mkwe akamwambia jingine, na yeye alikuwa amelelewa kwamba mama mkwe haitwi mwongo, hasa mbele ya fundi pancha.

"Mama, si kwamba nabisha..."

"Unataka kuhakikisha? Njoo uninyanyue."

Kijana aliruka nyuma kama aliyeonyeshwa moto. Kumnyanyua mama mkwe barabarani, watu wanatazama. Afadhali vioo vyote vipasuke na yeye ajifunike navyo.

"Marehemu baba mkwe wako aliwahi," alisema Mama Sindano, akitazama mbali kidogo, kwa huzuni ya kutosha. "Mara moja tu. Mgongo wake haukurudi ulivyokuwa. Muulize... basi, huwezi kumuuliza."

"Mungu amrehemu," alisema Paundi.

"Amina," alisema fundi pancha.

Paundi alikuwa na njia yake moja ya mwisho, ambayo haikumkosea mtu heshima. Alienda nyuma, akachuchumaa, akapima kwa shibiri nafasi iliyobaki kati ya tairi na bodi. Gari tupu huwa shibiri na vidole vinne. Kwa vioo vile alitegemea shibiri na vidole viwili. Alipata shibiri kasoro. Akapima tena. Akahamia upande wa pili, shibiri kasoro. Akainuka polepole, na Mama Sindano akamwona kwenye kioo cha pembeni akimtazama kisogoni kwa macho mapya kabisa, kama mtu aliyeishi miaka na jirani mnyenyekevu akaja kuambiwa ni bingwa wa mieleka.

"Springi zinakubaliana na mama," akamwambia fundi pancha kwa sauti ya chini.

"Mimi sikusema kitu," alisema fundi pancha.

"Basi sitini haifai. Nyuma sitini na sita. Na mbele niongezee tatu, maana mama yuko katikati, mbele nako analemea." Akainama dirishani. "Samahani, mama. Nilikukosea."

"Umesamehewa. Mwanamume huwa hajui anachokaa nacho."

Wakaondoka. Kwa mwendo wa kwanza Mama Sindano hakusinzia hata kidogo, jambo ambalo lilimshangaza mwenyewe. Alivigeukia vioo, akaviangalia kana kwamba ni vyake. Barabara ya lami iliwapokea vizuri. Baadaye ilikwisha, ikaja ya changarawe yenye mabonde madogomadogo mfululizo, ile inayowagonganisha watu meno. Pikapu iliyaingia. Matairi yaliyapokea mabonde, yakayameza, yakayatema nyuma. Vioo vilinong'ona ndani ya magazeti yao na kutulia. Alijua kwamba ingekuwa themanini ya fundi pancha, muda huu wangekuwa wanaokota.

Nusu ya njia Paundi alisimamisha gari kivulini, akashuka, akaweka kiganja kwenye kila tairi, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Mama Sindano alitoa kichwa.

"Joto lake?"

"Kama chai iliyosahauliwa, mama. La kawaida kabisa." Uso wake uling'aa. "Mama, ningesikiliza macho yangu nikaenda na sitini, hapa tungekuwa tunachoma kidole. Umeniokoa."

"Ni kawaida yangu," alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile hakujua aangalie wapi. Akachagua kuangalia vioo. Kuna namna ya kushukuriwa inayowasha kuliko kutukanwa.

Lakini Mama Sindano hakuwa mtu wa kuwashwa muda mrefu. Gari lilipoanza kwenda alikuwa amekwisha kujieleza mwenyewe kwamba yeye ndiye aliyechagua upepo wa safari hii, kwamba kauchagua sawa, na kwamba ni madereva wangapi wenye leseni wangeweza hilo. Akaridhika. Akapanga na sehemu iliyobaki: vioo vishushwe, Fundi Vioo aondoke, mkwe amsogeze kwa mdogo wake, kama alivyomwomba njiani, dakika chache tu, na huko maboksi yatashuka kama yaliyoota njiani. Akishakuwa na kazi mkononi, Paundi atacheka. Kesho kutwa, pengine.

Zahanati ilikuwa kuta mpya zenye matundu ya madirisha, na Fundi Vioo amesimama mbele yake mikono nyuma. Mafundi wa pale walivishusha vioo kimoja kimoja. Fundi Vioo alipokea kila kimoja kwa ukucha, ting, akainamisha kichwa, akahamia kingine, ting. Paundi alisimama kando ya gari hatikisiki. Mama Sindano naye alikuwa ameshuka, blanketi likabaki mahali pake, mlango wa nyuma ameufunga mwenyewe kwa mikono miwili na nyonga, akasimama karibu na mkwe wake akihesabu zile ting kama anayesubiri matokeo ya mtihani.

Kioo cha mwisho kikaimba kama wenzake.

Fundi Vioo alikiangalia kwa mwanga, upande mmoja, upande wa pili, kama anayetafuta sababu. Hakuipata. Akaja moja kwa moja kwa Paundi, akampa mkono.

"Kazi ni yako," akasema. "Kila wiki. Jumatatu uje tupange. Hebu niambie, nyuma ulitia ngapi?"

"Sitini na sita, mzee."

"Mimi ningesema sitini kwa vioo vile."

"Hata mimi, mzee. Lakini na mama yumo."

Fundi Vioo alimtazama Mama Sindano, kuanzia kilemba hadi kandambili. Safari ile ya macho ilikuwa fupi. "Mama huyu?"

"Mifupa," alisema Paundi kwa heshima kuu. "Ilimiminwa."

Mzee alikuna shavu. Mama Sindano alimtazama usoni bila kupepesa, kama mwenye kilo zake zote.

"Basi, mama," alisema Fundi Vioo mwishowe, "mkweo kaniambia unaelekea kwa mdogo wako hapo mbele. Mimi napita hapohapo. Gari langu lina viti vya sponji, njoo nikusogeze. Kijana naye ageuze, awahi nyumbani na habari njema."

"Asante, baba, lakini pikapu nimeizoea."

"Mama, nenda na mzee," alisema Paundi, naye akiona amemtendea jambo jema. "Njia ya kule mbele mbaya, utaumia. Mimi sasa gari tupu, hata sitakuwa wa kukufaa, litakuwa linaruka."

Kukataa mara moja ni adabu. Kukataa mara ya pili, mbele ya mzee aliyetoka kumpa mkweo kazi, ni kutafuta maneno. Mama Sindano aliutupia jicho mlango wa nyuma, na kwa muda huo mfupi Paundi alikuwa ameshachomoa geji mfukoni. Alichuchumaa kwenye tairi la nyuma kwa furaha ya mtu anayefanya anachokipenda siku aliyoshinda, akafungua kifuniko cha valvu, akabonyeza kipini. Upepo ukaanza kutoka, ssss, mwembamba na wa kuendelea.

"Natoa kumi na sita, irudi hamsini ya asubuhi," akasema, zaidi kwa Fundi Vioo, ambaye alionekana kama mtu wa kuelewa. "Hakuna mzigo, hakuna mama. Kibandiko kinasema hamsini."

Ssss. Mama Sindano aliusikia upepo ule ukitoka kana kwamba unatoka kwake. Njia nzima ya kurudi, changarawe ileile, jua limesimama utosini, maboksi tisa kwenye matairi ya hamsini, na juu yake mume wa bintiye anapiga mluzi, mwenye kazi mpya.

"Usipunguze," akasema.

Paundi aligeuza uso, kidole bado kwenye valvu. "Nikiacha sitini na sita, mama, gari tupu litanirusha hadi nyumbani."

"Acha hivyohivyo, nimekwambia. Toa kidole."

"Lakini kwa nini, mama?"

"Kwa sababu kilo zangu bado zimo humo."

Ssss ikakatika.

Paundi alibaki amechuchumaa. Macho yake yalianza kwenye kandambili mbili zilizosimama juu ya changarawe, shibiri moja kutoka kwenye goti lake, yakapanda taratibu hadi usoni, yakashuka tena kwenye kandambili, kama anayepima mara ya pili kuhakikisha. Nyuma yake Fundi Vioo, mzee asiyecheka, alikuwa amegeukia ukuta wa zahanati, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Mama," alisema Paundi kwa adabu zake zote, "si wewe huyu uko hapa chini?"